Mahojiano ya Kazi Yanapoingia Nyumbani Mwetu

Somo kwa vijana wanaotafuta kazi na kwa wazazi wao

 

Zamani kijana akiitwa kwenye mahojiano ya kazi alipiga pasi shati lake, akapanda basi, akaenda kwenye ofisi ya watu. Sisi tulibaki nyumbani tukimwombea. Siku hizi mambo yamegeuka. Kijana anaitwa, naye haendi popote. Wenye kazi ndio wanaokuja. Wanaingia ndani kwa njia ya simu au kompyuta, wanauona ukuta wetu, wanamsikia mtoto wetu akilia, wanasikia mvua juu ya bati letu. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu hukaa dakika 20 au 30 tu, kisha anaondoka na uamuzi wake. Basi nyumba nzima inapaswa kuwa tayari, si kijana peke yake. Hilo ndilo neno kuu la somo hili.

Tumeligawa somo letu katika sehemu saba. Lisomeni pamoja, wazazi na watoto, na mwisho kuna zoezi la juma hili.

1. Mambo haya yalitoka wapi, na yanatufaa nini?

Simu za picha zilikuwapo kabla, lakini ugonjwa wa Korona ndio uliozifanya kuwa desturi. Mnakumbuka Machi 2020, Rwanda ilipofunga safari na ofisi. Mnakumbuka pia Julai 2021, wilaya yetu ya Rubavu ilipokuwa kati ya wilaya nane zilizofungwa tena pamoja na Kigali. Waajiri hawakuweza kukutana na watu uso kwa uso, wakajifunza kuwahoji kwa Zoom, Google Meet, Microsoft Teams na WhatsApp. Ugonjwa ulipopungua wengi hawakurudi nyuma, kwa sababu njia hii ni rahisi kwao, hasa kwa mahojiano ya kwanza ambayo huwachuja watu wengi.

Kwetu sisi tuliohama makwao kuna faida kubwa hapa. Kijana wa Mahoko hahitaji tena nauli ya kwenda Kigali na kurudi, wala mahali pa kulala, ili tu aulizwe maswali matano. Tena tunao ushahidi kwamba kioo cha kompyuta chaweza kuwa mlango wa kweli. Katika kambi ya Kiziba, wilaya ya Karongi, iliyoanzishwa mwaka 1996, taasisi ya Kepler ilifungua masomo ya chuo mwaka 2015 kwa kushirikiana na Southern New Hampshire University ya Marekani. Vijana wakimbizi wamesoma humo kambini na kupata shahada za chuo hicho cha Marekani. Kwa hiyo tusiseme kwamba mambo ya mtandao ni ya watoto wa mjini.

2. Jua umeitwa kwenye nini, na saa ngapi

Barua ya mwito isomeni hadi mwisho, mara mbili. Mahojiano ya mbali si ya aina moja:

a) Simu ya sauti tu. Hii huja mara nyingine bila taarifa. Ukiwa sokoni au kwenye basi, una haki ya kusema kwa heshima: "Samahani, niko mahali penye kelele, naomba unipigie baada ya dakika 15." Mwajiri mwema hachukizwi na ombi hilo.

b) Simu ya picha, ambapo mtu mmoja au watatu wanakuona nawe unawaona.

c) Mahojiano ya kujirekodi. Hapa hakuna mtu upande wa pili. Swali linatokea kwenye kioo, unapewa muda mfupi wa kufikiri, kisha kamera inawaka nawe unajibu kwa dakika mbili au tatu. Wengi hupata hofu kwa sababu hakuna uso wa kuutazama. Dawa yake ni kufanya mazoezi ya kusema mbele ya simu yako mwenyewe.

d) Mtihani wa kuandika kwenye mtandao, ambao saa yake ikiisha hufunga wenyewe.

Kama barua haikueleza, andika uulize mambo manne: ni programu gani itakayotumika, mahojiano yatachukua muda gani, yatakuwa katika lugha gani, na saa iliyotajwa ni ya nchi gani.

Hilo la saa limewanyima watu kazi. Kwanza, sisi tunasoma saa kwa Kiswahili. Barua ikisema 9:00 asubuhi, hiyo ni saa tatu, wala si saa tisa. Ikisema 14:00, ni saa nane mchana. Pili, saa za nchi zinatofautiana. Rwanda na Goma zina saa moja, ile inayoandikwa CAT. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ziko mbele yetu kwa saa moja, na saa yao huandikwa EAT. Kwa hiyo ofisi ya Nairobi ikikuita saa 10:00 EAT, wewe wa Mahoko uwe umeketi kabla ya saa tatu asubuhi, si saa nne.

Ofisi za Ulaya na Marekani zina jambo jingine: hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka. London iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi yao, na kwa saa moja wakati wa kiangazi chao. New York iko nyuma yetu kwa saa saba wakati wa baridi na saa sita wakati wa kiangazi. Basi 9:00 asubuhi ya New York yaweza kuwa kwetu saa kumi jioni au saa tisa alasiri, kulingana na mwezi. Usikisie. Mwandikie mwajiri sentensi moja tu: "Nathibitisha kwamba tutazungumza saa 16:00 kwa saa za Rwanda." Akisema ndiyo, umekwisha kupona.

3. Kazi ya nyumba nzima

Sehemu hii tunaiandika hasa kwa wazazi na ndugu. Kijana anaweza kujifunza majibu yote, lakini hawezi peke yake kunyamazisha kiwanja kizima.

Mahali. Tafuteni kona yenye ukuta mtupu au pazia safi. Dirisha liwe mbele ya kijana, si nyuma yake. Mwanga ukitoka nyuma, uso unakuwa giza kama kivuli. Simu isishikwe mkononi, maana picha itatikisika. Iegemezwe kwenye vitabu juu ya kiti au sanduku, kamera ikiwa usawa wa macho. Nyumba ya maskini iliyo safi haimwaibishi mtu.

Sauti. Mwajiri husamehe picha mbaya kuliko sauti mbaya. Vile visikizio vya masikioni ambavyo kwetu Kongo tunaviita ekuteri, hata vya bei ndogo, husaidia sana. Jioni iliyotangulia, mama au baba apite kwa majirani aseme: "Kesho saa tatu mtoto wetu ana mahojiano ya kazi, tunaomba redio ipunguzwe kwa nusu saa." Tumeona majirani wakiitikia kwa furaha. Watoto wadogo wapelekwe kwa shangazi. Anayetwanga asitwange saa hiyo. Wanaoishi kando ya barabara kuu ya Gisenyi na Musanze, au karibu na soko, watafute nyumba ya ndani zaidi.

Mvua. Tunaijua mvua yetu ya Machi hadi Mei, na ile ya Septemba hadi Desemba. Ikipiga bati, hata mtu aliye chumba kimoja nawe hasikii. Kama unapewa kuchagua saa, chagua asubuhi, maana mara nyingi mvua kubwa hutukuta mchana. Kama huna uchaguzi, tafuta jengo lenye dari.

Umeme na mtandao. Simu ijazwe moto usiku, na siku ya mahojiano isitumike kwa mambo mengine. Simu ya picha ya saa moja kwa Zoom yaweza kula kuanzia megabaiti 500 hivi hadi zaidi ya gigabaiti 1, kadiri picha inavyokuwa safi. Sauti peke yake hula makumi machache tu ya megabaiti. Kwa hiyo nunueni kifurushi cha kutosha, mkiweza gigabaiti 2, na mzime programu nyingine zote ndani ya simu. Siku iliyotangulia, saa ileile, jaribuni kumpigia ndugu kwa programu ileile. Zungukeni nyumba na kutafuta kona ambayo mtandao unashika vizuri.

Ikitokea mtandao unakatika katikati ya mahojiano, usifadhaike. Sema: "Mtandao wangu ni dhaifu, naomba nizime picha tuendelee kwa sauti." Ukikatika kabisa, piga au tuma ujumbe mara moja ueleze. Basi uwe na namba ya simu ya mwajiri imeandikwa kwenye karatasi mapema, si ndani ya simu peke yake.

Simu ya kuazima. Wengi wetu hatuna simu nzuri. Si aibu kuazima kwa ndugu wa kanisani. Lakini mwenye simu azime namba zake kwa muda ule, maana mtu akipiga katikati, kazi imeharibika. Tena programu iingizwe mapema, na jina linaloonekana kwenye kioo libadilishwe liwe la kijana. Si vizuri mwajiri akutane na jina la shemeji yako.

4. Una nini cha kusema?

Vijana wengi hutuambia: "Mchungaji, mimi sina uzoefu. Nimekaa kambini miaka mitatu." Tunawajibu kwamba wanayo mengi, ila hayajapangwa.

Mtazameni Nehemia. Huyu alikuwa mtu wa uhamisho kama sisi, akitumika katika nyumba ya mfalme Artashasta huko Shushani. Alipopata habari za Yerusalemu ilipita miezi kama minne kabla hajaulizwa na mfalme anataka nini. Alipoulizwa, aliomba moyoni, kisha akajibu kama mtu aliyejiandaa: alitaja muda atakaotumia, akaomba barua za kupita kwa maliwali, akajua hata jina la mtunza msitu wa mfalme ambaye angempa miti. Maombi yake hayakuchukua nafasi ya maandalizi. Yote mawili yalikwenda pamoja. (Someni Nehemia sura ya 1 na ya 2.)

Kwa hiyo chukueni karatasi muandike mambo matatu mliyoyafanya kwa mikono yenu. Kila jambo lipangeni kwa hatua nne: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, wewe ulifanya nini, na matokeo yalikuwa nini.

Tuchukue mfano. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, na Mahoko ikaharibiwa vibaya. Katika nchi nzima mafuriko na maporomoko ya siku ile yaliua watu zaidi ya 130. Tuseme wewe ulisaidia wakati ule. Kijana asiyejiandaa atasema: "Nilisaidia watu wa mafuriko." Aliyejiandaa atasema: "Familia zilizopoteza nyumba zilikuwa zimekusanyika mahali pamoja na hapakuwa na orodha. Mimi niliombwa kuziandikisha. Nilichora jedwali lenye jina, idadi ya watoto na mahitaji, nikapita kwa kila familia, nikalinganisha na orodha ya kiongozi wa mtaa. Jioni misaada iligawanywa bila mtu kupewa mara mbili." Kazi ni ileile, lakini ya pili mwajiri anaweza kuiona. Sema tu yale uliyofanya kweli, na hesabu ulizo nazo kweli.

Aliyefundisha shule ya Jumapili ameongoza watu. Aliyetunza fedha za kwaya ametunza hesabu. Aliyetafsiri kwa wagonjwa kutoka Kiswahili kwenda Kinyarwanda ana ujuzi ambao mashirika yanautafuta. Aliyeuza nyanya sokoni anajua wateja na faida. Msidharau.

Hapa kuna jambo la desturi yetu. Sisi tumefundishwa kutojisifu, kwa hiyo kila tendo tunasema "tulifanya." Sisi wenyewe katika jarida hili tunaandika "sisi", na hapa ni sawa. Lakini kwenye mahojiano ukisema "tulifanya" kutoka mwanzo hadi mwisho, anayekuhoji hajui wewe ulikuwa wapi katika kundi. Sema "tulikuwa watu watano, na mimi nilishughulika na hili." Hiyo ni kutoa hesabu ya kweli, wala si majivuno.

5. Maswali matatu magumu kwa mkimbizi

"Je, unaruhusiwa kufanya kazi nchini?" Wengine wakiulizwa hivi hutetemeka kana kwamba wameshikwa na kosa. Rwanda ilijiunga mwaka 1980 na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao ibara yake ya 17 inahusu kazi ya mshahara, na mkimbizi aliyetambuliwa anaruhusiwa kufanya kazi hapa. Waajiri wengine hawajui jambo hili, na ni wewe utakayewafundisha kwa utulivu: "Ndiyo. Mimi ni mkimbizi niliyetambuliwa, ninacho kitambulisho cha mkimbizi, na ninaruhusiwa kufanya kazi." Kisha nyamaza. Usiongeze hofu juu ya jibu zuri. Yule ambaye ombi lake la hifadhi halijajibiwa aende kwanza kuulizia hali yake ofisini, ili asiseme asilolijua.

"Mbona kuna miaka mitupu katika wasifu wako?" Huna lazima ya kumsimulia mgeni mambo yote yaliyokupata njiani. Machozi yako si malipo ya kuingilia kazini. Sema kwa ufupi: "Mwaka 2022 vita vilitulazimisha kuhama. Tangu hapo nimefanya haya na haya." Kisha geuza maneno kuelekea kazi. Lakini usijaze miaka hiyo kwa kazi ya uongo. Uongo mmoja ukigunduliwa, ukweli wote unatiliwa shaka.

"Masomo yako ni ya Kongo, ya Kifaransa. Utaweza?" Hapa Rwanda serikali iliamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na ofisi nyingi huhoji kwa Kiingereza. Aliye na diploma ya Kongo asiifiche. Aliye na shahada ya chuo cha nje aulizie katika Baraza la Elimu ya Juu, HEC, namna ya kupata hati ya ulinganifu. Kuhusu lugha, jifunze vizuri sentensi kumi za Kiingereza zinazokuhusu, na moja ya kuomba msaada: jinsi ya kusema "Naomba urudie swali polepole." Kuuliza tena ni bora kuliko kujibu swali ambalo halikuulizwa. Wala usisahau kutaja kwamba unajua Kiswahili, Kifaransa na Kinyarwanda. Mtu wa lugha tatu asijione maskini kwa kukosa ya nne.

6. Mbele ya kamera

Mtoto aliyelelewa vizuri kwetu huinamisha macho mbele ya wakubwa. Ni heshima. Lakini anayekuhoji kutoka mbali anaweza kudhani unasoma mahali au unaficha jambo. Kwa hiyo, ukisema, tazama ile tundu ndogo ya kamera. Ukisikiliza, tazama nyuso zao. Bandika alama ndogo ya karatasi kando ya kamera ili usisahau. Heshima yako itaonekana katika salamu, katika kutomkatiza mtu, na katika kushukuru.

Sauti ya mtandao huchelewa kidogo. Mwenzako akimaliza, hesabu moja, mbili, ndipo ujibu. La sivyo mtagongana maneno. Vaa vizuri mwili mzima, si shati tu, maana yaweza kukulazimu kusimama. Ingia dakika tano au kumi mapema.

Weka mbele yako karatasi moja yenye maneno machache: mambo yako matatu, jina la shirika, na maswali mawili ya kuwauliza wao, kama vile kazi itaanza lini na mtu mpya hufundishwaje. Usisome majibu yote. Anayesoma hujulikana kwa macho yake. Vilevile ndugu asikae nyuma ya pazia akinong'ona majibu. Na programu hizi mpya za kujibu maswali, kama ChatGPT iliyotoka mwishoni mwa 2022, zifae kwa mazoezi: iambie ikuulize maswali ya kazi unayoomba, ujibu kwa kinywa chako. Lakini siku yenyewe usimwachie mwingine akusemee. Kazi ukiipata kwa maneno yasiyo yako, Jumatatu watakutafuta yule mtu hawatamwona.

7. Jihadharini na wezi

Mlango uliofunguka kwa wema umefunguka pia kwa wezi. Mwaka 2022 serikali ya Kenya iliwaonya vijana wake juu ya matangazo ya kazi nzuri nchini Thailand. Waliokwenda walijikuta Myanmar wamefungiwa na kulazimishwa kutapeli watu kwenye mtandao. Mapema mwaka 2025 maelfu ya watu wa mataifa mengi walitolewa katika vituo vya namna hiyo karibu na mpaka wa Thailand, na kati yao walikuwapo Wakenya, Waganda na Waethiopia. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wanatafuta kazi, kama watoto wetu.

Zishikeni alama hizi:

- Anayeomba fedha ili uhojiwe, iwe ya fomu, ya mafunzo au ya daktari, mkimbieni. Mwajiri hulipa, halipwi.
- Asiyekubali kuonyesha uso wake, akataka mambo yote yaandikwe tu kwa WhatsApp, ulizeni zaidi.
- Namba ya siri ya Mobile Money haihitajiwi na mwajiri yeyote duniani. Wala usitume picha ya kitambulisho kabla hujahakikisha shirika lipo.
- Anayekupa kazi bila kukuuliza swali, kwa mshahara mkubwa, nchi ya mbali, na kukuharakisha usafiri juma hilohilo, huyo hakutaki kwa kazi.
- Anayekuita kwa Skype leo, ulizeni ni vipi, maana Skype ilifungwa Mei 2025.
- Anayesema atakuuzia nafasi ya kazi au ya kuhamishiwa Marekani au Kanada kupitia UNHCR ni mwongo. Huduma za UNHCR hazilipiwi.

Kabla ya kujibu mwito wowote wa mbali, onyesheni barua kwa watu wawili mnaowaamini. Tafuteni namba ya shirika kwa njia nyingine, si ile iliyo ndani ya ujumbe, mpige muulize kama wanaajiri kweli.

Neno la mwisho kwa nyumba

Mahojiano yakiisha, kijana aandike siku hiyohiyo ujumbe mfupi wa shukrani. Kisha wazazi, tunawasihi: msimwulize mara moja "Umeipata?" Mwulizeni "Walikuuliza nini?" Aandike maswali yale kwenye daftari, maana yatarudi mahali pengine. Asipochaguliwa, msimlinganishe na mtoto wa jirani. Mara nyingi nafasi ni moja na walioitwa ni wengi, na aliyeshindwa mara tatu akiwa na daftari lake anajua zaidi ya yule anayeanza.

Nasi kama kanisa tunapendekeza kila kundi la sala lifanye mambo mawili. Kwanza, liandike nani ana simu nzuri au kompyuta ya kuazima, na nani ana chumba kimya chenye dari. Pili, litenge saa moja Jumamosi ambapo watu wazima watatu watamhoji kijana mmoja kama waajiri, naye akiwa chumba kingine kwa simu. Jambo hili halihitaji bajeti.

Zoezi la juma hili. Kila kijana ajirekodi kwa simu dakika mbili akijibu: "Tuambie kuhusu wewe na kazi uliyowahi kuifanya." Ajitazame pamoja na mzazi mmoja. Kisha arudie mara ya pili.

Maswali ya kujadili nyumbani:

1. Katika nyumba yetu, kona ipi ina mwanga na mtandao, na saa ngapi ni kimya?
2. Ni jambo gani mtoto wetu alilifanya tangu tuhame ambalo hatujawahi kumsifu?
3. Mtu akitupigia leo na kutuahidi kazi ya mbali, tutamwuliza nani kabla ya kujibu?

Mungu awabariki, na awafungulie vijana wetu milango ya haki. Amina.